Nilivyomfuta Mama Sabina Kwenye Zamu ya Maji

Alhamisi. Ukungu haujainuka tangu asubuhi, nami nashukuru, maana leo sitaki kuonwa na mtu.

Nina aibu. Niseme tu.

Mimi ndiye niliyewashawishi wenzangu wa mfereji wetu waachane na daftari la zamu ya maji ya kumwagilia mashamba. Nikaandika programu ya kompyuta kwa lugha ya Python, nikajigamba mpaka basi. Mwezi uliopita jirani yetu Mama Sabina alifiwa na kaka yake huko Rangwi, akaniomba nimruke wiki ile moja, maji yake wapewe wengine. Nikatengeneza orodha ya wiki kwa kuandika kwamba ni sawa na orodha ya wanachama wote, kisha nikafuta jina lake kwenye ile ya wiki.

Kumbe sikunakili kitu. Orodha ilikuwa ileile moja, nimeipa tu jina la pili. Nilipomfuta huku, nilimfuta na kule. Hilo ni somo la mwanzo kabisa, tena nimewahi kulifundisha watu mimi mwenyewe.

Alipotoka matangani, zamu yake haikuwepo. Wiki iliyofuata vilevile. Juzi akaja mferejini na jembe begani, akaniuliza mbele ya watu. Ningesema ngoja niangalie, ningepungukiwa nini? Nikamwonyesha orodha kwenye simu, jina lake halimo.

"Mama, kompyuta haisahau. Labda ulijitoa mwenyewe."

Wawili watatu wakacheka. Yeye akafikiri kidogo, akasema huenda kweli, msiba unavuruga akili.

"Nisamehe, mwanangu."

Mtu wa umri wa mama yangu akaniomba radhi kwa kosa langu.

Jana nikapita shambani kwake. Karoti zimelala, za pembeni zimekauka kabisa. Nikarudi nyumbani, nikafungua laptop, na kosa nikaliona palepale. Nikainakili orodha inavyotakiwa, nikalirudisha jina lake, nikafunga. Sikumwambia mtu. Nikajiambia yameisha.

Leo mchana amekuja mwenyewe na maparachichi kwenye kitenge. Eti ameliona jina lake kwenye orodha mpya, asante kwa kumvumilia na kumrudisha.

Nikayapokea. Nikasema, "Usijali, Mama."

Mungu wangu, nilisema usijali!

Kesho asubuhi kabla maji hayajafunguliwa, watu walewale watakuwa pale. Nitamwamkia, halafu niwaambie wote kwamba Mama Sabina hakusahau kitu. Kumfuta mtu kulinichukua mstari mmoja. Kusema kweli kutanishinda?