Abubakary, Siyo Mgeni

Mwaka umezunguka, Babu Abubakary, tangu tukuteremshe kutoka juu ya dungu ukiwa umefungwa kanga ya Bibi Mwamini, na mvua bado inanyesha. Watu wanasema mwaka unapoza. Kwa mkweo Huseni haujapoza kitu.

Ulifika huku bondeni ungali kijana, umekimbia vita Msumbiji, mkononi panga moja, basi. Mjumbe wa wakati ule akakuuliza jina. Ukamwambia, "Apupakari." Kimakua chenu hakina b, hakina d, hakina g, na ulimi wako ulikataa kujifunza ukubwani. Mjumbe akauliza mara tatu, ya nne akachoka. "Basi weye Mgeni tu," akasema, akaandika Mgeni. Kwa kuwa Mgeni huku ni jina la mtu kabisa, likakaa. Nawe ukacheka naye. Ndilo kosa lako la pekee tunalolijua, Babu. Ulicheka.

Nani kijijini hakulala kwenye dungu lako? Zile nyumba za miti mirefu katikati ya mpunga, za kuwingia ndege na nguruwe, nyingi umejenga wewe. Hukupiga msumari hata mmoja. Ulifunga kamba, na kila fundo ukalivuta kwa meno, mpaka jino la mbele likang'oka. Ukasema limekwenda kazini, litarudi jioni.

Wajukuu walikuchokoza kila siku. "Babu, sema dungu!" "Tunku." "Sema Kibiti!" "Kipiti." "Haya, sema bibi!" "Pipi." Wanaanguka kwa kicheko, na Bibi Mwamini anajifunika uso kwa upawa. Miaka arobaini aliitwa pipi na mumewe mbele za watu. Sasa hakuna anayemwita.

Habiba wako, mtoto wako wa pekee, mke wa Huseni, alifia kwenye benchi la zahanati akiwa na uchungu, anasubiri boti ya wagonjwa ambayo wakubwa walikuja kuizindua kwa ngoma na haikuwa na mafuta. Watu walitegemea uwachukue wajukuu na ukwe uishe hapo. Wewe ulikuja na sufuria la ugali mpaka mlangoni kwa Huseni, ukasimama nje. "Pinti yanku amekufa, mimi sijafa. Amka ule." Huseni akaamka, akala. Hajaoa tena, na haoi.

Kisha yakaja yale maji makubwa. Watu kumi na saba walikaa siku nne juu ya dungu lako, na miti yako haikutikisika. Mtendaji wa kijiji naye alikuwemo, daftari la wakazi kalifunga kwenye mfuko, kalipakata kama mtoto. Alikuwa hajamaliza hata miaka miwili tangu aletwe hapa. Ulimpa nafasi ya katikati, pasipovuja, ukamkorogea uji kwa mkono wako. Akanywa, akasema, "Ahsante, Baba." Huseni alimsikia kwa masikio yake mawili.

Maji yakashuka, vikagawiwa viwanja huko mlimani kwa waliopoteza nyumba. Ukavaa shati lako la Idi, ukapanga foleni.

"Jina?"

"Apupakari."

Mtendaji akafungua daftari lile lile, lina doa la uji wako kwenye jalada. "Mzee, Abubakary hayumo humu."

"Huyo Mkeni ntiye mimi."

"Mgeni ni Mgeni, Abubakary ni Abubakary. Au nikuandike mara mbili, mzee, upate viwanja viwili?" Akacheka, na karani wake akacheka. Safari hii wewe hukucheka.

Ulirudi mara sita. Leta barua ya mjumbe. Mjumbe amekufa zamani. Leta cheti cha baba yako. Baba yako alizikwa njiani porini, cheti angempa nani? Mara ya sita akakwambia kwa sauti, watu wakisikia, "Abubakary hayupo kijiji hiki. Hajawahi kuwepo."

Huseni kiwanja alipata. Akaja kukuomba upande ukae kwake. Ukakataa, kwamba mkwe halali chini ya paa la mkwe. "Nitapanta mlimani siku nitakayoitwa kwa jina lanku," ukasema. Huseni akaheshimu ukwe, akakuacha. Angekubeba mgongoni, utukane, upige mateke, angekubeba tu. Analijua hilo. Analala nalo.

Masika iliyofuata maji yakarudi, madogo, ya kawaida. Wiki mbili ulikaa juu ya dungu na nguo mbichi mwilini, ukilinda mpunga. Kifua kikabana. Homa ya mapafu, wakasema zahanati. Huseni hasemi hivyo. Huseni anasema umeuawa kwa kalamu.

Kwa hiyo hakukuzika makaburini. Alichimba mwenyewe, uani kwake, mlimani, hatua nne kutoka barabara anayopita mtendaji na pikipiki kila asubuhi. Darasa la tatu alilosoma lilimtosha. Aliandika kwenye ubao kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama za basi la Kibiti: ABUBAKARY.

Siku ya arobaini mtendaji akaja na barua. Kaburi halimo kwenye ramani ya viwanja, lihamishwe ndani ya siku saba. Watu wamejaa, sinia za pilau ziko chini. Bibi Mwamini akainuka taratibu.

"Mwanangu, kwani humu kazikwa nani?"

"Si ni Mzee Abubakary!"

Jina likawa limeshamtoka.

"Ala!" akasema Bibi. "Si hayupo? Si hajawahi kuwepo? Basi mtu asiyekuwepo ana kaburi gani la kuhamisha? Msomee yeye barua yako. Akikuitikia, tutamhamisha."

Watu walicheka mpaka mjukuu wako Idrisa akadondosha kikombe. Mtendaji akapiga pikipiki teke, haikuwaka. Akaisukuma. Hafsa, mjukuu wako mwenye mdomo kama wa mama yake, akamsindikiza kwa adabu zote: "Shikamoo, Mgeni!" Tangu siku hiyo kijiji kizima, mpaka watoto wa chekechea, hakina jina lingine la kumwita. Amekwenda kulalamika wilayani, na huko pia limeshafika.

Umesikia, Babu? Umeitwa kwa jina lako, ukiwa mlimani, na kinywa kile kile.

Wanamwambia Huseni asamehe. Hasamehe. Anamwombea mtendaji uhai mrefu, azeeke, meno yamtoke, na hilo jina lisimtoke.

Dua yako itasomwa hapa uani Ijumaa hii baada ya swala. Wa Ruaruke, wa Mahege, wote karibuni. Na yeye pia karibu. Tumemtengea nafasi ya katikati, uso kwa uso na ubao, na bakuli la uji.

Wanaokukumbuka ni pipi wako Mwamini, mkweo Huseni, na wajukuu zako Hafsa na Idrisa. Sisi hatutakusahau maisha yetu. Na yeye hatutampa nafasi ya kukusahau.