Muhuri Uliouacha Kwenye Debe la Unga

Mpendwa Yaya,

Nilianza kukuita Yaya kabla sijaweza kutamka jina lako, na hata watu walipoanza kukuita Prezidenti, kwangu ulibaki kaka yangu mkubwa, mtoto wa kwanza wa mama yetu. Kwa hiyo leo simwandikii mwenyekiti wa chama. Ninakuandikia wewe, kwa sababu hupokei tena simu zangu, na ninaandika wazi ili kesho barua hii isomwe mbele ya wanachama wote. Yale tuliyoficha wawili yamenichosha roho. Usikasirike kabla hujafika mwisho. Nakujua, hasira yako huanza mstari wa tatu.

Hii ni wiki ya nne tangu uvuke mpaka pale Kasumbalesa ukaingia Zambia, na mji uliouacha siyo huu. Maduka ya Kampemba yanafunguliwa nusu mlango. Shule ya watoto inafunguliwa leo, kesho inafungwa, na hakuna anayetuambia kwa nini. Vijana wa chama chetu wamegawanyika, kuna wa "Abakie", wanaotaka ubaki mwenyekiti, na kuna wa "Atoke", na wakikutana barabarani wanasalimiana kwa mawe. Pikipiki ikipunguza mwendo mbele ya lango langu, sindano ninayoshonea inanichoma kidole. Nimepika mboga ya sombe bila chumvi siku mbili mfululizo, na mume wangu amekula kimya. Angelalamika ningepata nafuu.

Juzi binti yangu alishika tonge la ugali akaligeuza geuza, akasema, "Mama, bukari iko na bulu." Nikaangalia. Kweli, kulikuwa na doa la wino wa buluu. Nikamwambia ni rangi ya mfuko wa unga, akala. Mtoto wa miaka sita nimemdanganya juu ya chakula chake, na nimefanya hivyo kwa ajili yako.

Wanachama wanaosikiliza sasa wameshaelewa. Ndiyo, muhuri wa chama ninao mimi. Haukuungua na ofisi yetu ya Bel-Air. Umo ndani ya debe langu la unga, umefungwa katika kipande cha kitenge cha marehemu mama.

Nakumbuka ulivyoingia kwangu mchana ule, vifungo vya shati umevikosea, jasho linakutiririka. Asubuhi yake watu walikuwa wamevunja ofisi na kuichoma. Ulinitia kile kifurushi mkononi, ukafunga vidole vyangu juu yake kama zamani uliponipa pipi uliyoiba. "Mudogo," ulisema, "usipatie muntu. Hata Kambale. Hata akikuya na Biblia." Kambale, naibu wako mwenyewe! Nikakuuliza utarudi lini, ukasema Jumapili. Siku mbili baadaye nikasikia sauti yako kwenye simu za watu, ukiwaambia wanachama kwamba kashe, yaani muhuri, imeungua, wavumilie. Nilikaa na mkasi mkononi, nikajua kwamba tangu saa ile uongo wako ulikuwa na nyumba, na nyumba yenyewe ni yangu.

Unakumbuka siku muhuri huo ulipozaliwa? Tulikwenda pamoja kwa fundi wa mihuri karibu na posta. Ulishindwa kungoja tufike nyumbani. Uliubonyeza kwenye wino, ukanigonga nao mkononi palepale barabarani, watu wanatazama, ukasema, "Sasa weye njo membre ya kwanza." Ndiye mimi, mwanachama wa kwanza! Siku mbili sikuuosha mkono ule. Kisha ukaja mkutano wa kwanza uwanjani kwako, kila mtu amebeba kiti chake kutoka nyumbani. Papa Kambale, mfanyabiashara wa Butembo mwenye depo ya unga na malori, alikosa kiti akakalia gunia lake mwenyewe. Mama Tresor alikuja na kigoda chake cha sokoni, kile anachokalia akiuza mboga, na mashangazi zake wakulima wakafuata kwa miguu kutoka barabara ya Kinsevere. Ulikuwa huna mbele wala nyuma, Yaya, lakini ulisema maneno ambayo hata mimi niliyekuona ukikojoa kitandani niliyaamini. Sijaacha kuyaamini. Ndiyo maana ninaumia.

Sasa nikuambie mambo yalivyo, usije ukasema hukuambiwa.

Wewe uliitisha yale matembezi, maandamano ya chama chetu. Wewe ulimfunga Tresor kitambaa cha mkononi awe mlinzi wa msafara, azuie vijana wasivunje vitu vya watu. Akashikwa, na sasa yuko gerezani pamoja na watu waliopora duka siku ileile. Jumatatu anafikishwa mbele ya hakimu. Mwanasheria anataka barua moja tu ya chama, yenye saini na muhuri, inayosema kwamba matembezi yalikuwa yetu na kwamba Tresor alikuwa mlinzi. Bila barua hiyo, Tresor ni mporaji kama waporaji wengine, na miaka atakayopewa hata mwanasheria hataki kuitaja mbele ya mama yake.

Ungeweza kusaini wewe. Lakini ukisaini kwamba uliitisha, unaogopa utakuwa umejifunga mwenyewe. Naibu wako Papa Kambale yuko tayari kusaini, ila katiba haimruhusu. Katiba ile tuliiandika wewe na mimi kwenye meza yangu ya kushonea, na kile kifungu ulikipenda kuliko vyote: naibu hasaini kitu ila mwenyekiti akifa, au akijiuzulu kwa kinywa chake au kwa maandishi. Ulisema kitazuia mapinduzi. Kweli kimezuia. Kimezuia kila kitu.

Papa Kambale alikuja kwangu Jumanne. Hakuja na Biblia. Depo yake imevunjwa kwa sababu ya chama hiki, na bado alivua kofia mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba. "Miye sina maneno na kaka yako," alisema. "Akiwa chef, akuwe hapa na siye. Akiwa haiko chef tena, aseme. Ile barua nitasaini miye. Bakitaka kunifunga, banifunge." Nilitafuta ujanja usoni mwake, ule uliozoea kuniambia anao. Labda upo. Mimi niliona mtu mwenye macho mekundu ambaye hajala.

Na Mama Tresor, Yaya! Huyo ndiye anayepiga kelele kuliko wote kwamba ubaki. Mwanawe yuko ndani, na kila siku anagombana na watu wa "Atoke" mpaka sauti imemkauka. Alipita kwangu Jumatano akielekea gerezani. Akaniuliza kwa upole, "Mudogo ya Prezidenti, kashe haikubakia kwako?" Nikasema, "Hapana, Mama. Iliungua." Akanishika mkono. "Haina neno. Prezidenti hawezi kutuacha. Yeye iko natafuta njia." Kisha akaniomba vikombe viwili vya unga, akampikie Tresor bukari ya kumpelekea.

Nililifunua debe mwenyewe. Nilichota polepole, kwa pembeni, kikombe kisigonge mbao ya muhuri. Alinibariki. Akaenda na unga ule kichwani, na mimi nikakaa chini jikoni nikalia mpaka mume wangu akadhani umeuawa.

Tangu siku ile kumbukumbu moja haitaki kuniacha. Unaijua. Wewe ulikuwa na miaka kumi, mimi saba, na Papa, baba yetu, alikuwa bado anaendesha treni.

Kwa wasioijua kazi ile: njia ya reli ni moja, treni zinatoka huku na kule, na ili zisigongane kuna fimbo ya chuma, moja tu, kwa kila kipande cha njia. Dereva asiye na ile fimbo mkononi haingii. Akifika kituo cha mbele anamkabidhi mkuu wa kituo, naye anampa dereva anayefuata. Siku hiyo Papa alikuwa amefanya kazi siku mbili bila kupumzika. Badala ya kuikabidhi fimbo aliitia kwenye mfuko wake pamoja na sahani ya chakula, akarudi nyumbani akalala. Asubuhi ya Jumapili, tumeshavaa nguo za misa, mama akafungua mfuko aoshe sahani. Nakumbuka alivyopiga kelele, kama aliyekuta nyoka.

Papa alivaa suti yake ya kanisani, akatoa baiskeli, akanikalisha mimi kwenye fremu na wewe nyuma. Mama akamuuliza watoto wa nini. "Bakuye baone," alisema, yaani twende tuone. Njia nzima alikanyaga huku anapumua kwa shida, na wewe nyuma ukaanza kulia, kwa sababu ulielewa kabla yangu kwamba tunakwenda kuaibishwa. Ukamwambia, "Papa, uitupe mu majani. Useme baliiba." Papa hakusimamisha baiskeli. Alisema tu, "Na treni itapita na nini?"

Kituoni treni ilikuwa imesimama tangu jana yake, akina mama wanapika kando ya reli, watoto wanalia. Mkuu wa kituo akaanza kumtukana tukiwa bado mbali: "Weye! Bantu banalala mu treni juu yako!" Papa akashuka, akavua kofia, akainua ile fimbo juu watu wote waione. "Njo miye," alisema. "Miye njo niliibeba." Walimzomea. Kuna mwanamke alimrushia ganda la hindi likamgonga kwenye ile suti. Halafu treni ikapiga honi, ikaondoka, na waliokuwa wakizomea wakapita mbele yetu madirishani, wengine wanacheka, wengine wameshatusahau.

Walimshusha kazi, akafagia karakana miezi mingi. Wewe uliona haya mpaka ukabadilisha njia ya kwenda shule. Lakini walimrudisha kwenye treni yake, Yaya, na sikuwahi kumsikia mtu wa reli akimwita mwongo.

Wiki nne watu wananiuliza: kaka yako abaki au atoke? Mwanzo nilikuwa wa "Abakie" kuliko Mama Tresor. Ninazijua sababu zako. Unaogopa ukiachia, chama kitauzwa kwa wakubwa kabla wino haujakauka, na watasema ulikuwa na hatia tangu mwanzo. Huenda itakuwa hivyo. Mimi sina macho ya kuona kesho, na naogopa kukosea mpaka nimeharibu magauni mawili ya wateja. Lakini mtu akikaa kwenye kiti, tunamwona amekaa. Akisimama, tunaona amesimama. Wewe umeondoka na kiti chenyewe, na kila anayetaka kumsaidia Tresor anabaki amesimama mlangoni. Ningekuwa na hakika kwamba kesho unarudi ukasaini kwa mkono wako, ningekufia mbele ya watu wa "Atoke". Hurudi. Ulipokata simu yangu ya mwisho nilijua. Kwa hiyo ninalisema, mimi niliyekuwa mwanachama wako wa kwanza: achia, Yaya.

Kesho baada ya misa wote wanakutana uwanjani kwa Mama Tresor, makundi yote mawili, kila mtu na kiti chake. Papa Kambale amesema hata ujumbe wa sauti unatosha, ilimradi ni sauti yako. Usiku huu nakutumia picha ya barua hii kwa simu, na simu yangu iko wazi. Ukisema neno hilo moja, nitaupeleka muhuri kwa jina lako, nitawaambia umeutuma wewe, na nitanyamaza juu ya mengine. Barua hii nitaichoma kwenye mbabula ya makaa, na hakuna atakayejua ilikuwa na nini.

Ukinyamaza, itasomwa. Nitavaa kitenge changu cha misa, nitabeba debe zima kichwani, na nitaingiza mkono kwenye unga mbele ya Mama Tresor aliyenibariki. Sijui kama nitapigwa. Sijui Papa Kambale atafanya nini bila neno lako, kama ataivunja katiba yetu au ataogopa. Sitasema ni wewe uliyenituma kudanganya, maana mdomo uliosema "iliungua" ulikuwa wangu. Nitainua ule muhuri juu na nitasema, "Njo miye. Miye njo niliificha." Binti yangu nitamchukua. Aone.

Kula vizuri huko uliko, usilale na viatu miguuni, na usiniogope. Hakuna anayekupenda kuliko mimi. Lakini Jumatatu asubuhi Tresor atasimama mbele ya hakimu na mikono mitupu. Atapita na nini, Yaya?

Ni mimi mdogo wako,
niliyekaa mbele kwenye fremu ya baiskeli