Mguu wa Wafula Ulioruka

Nakuru, Jumanne

Dada yangu Nekesa,

Nakusalimu kwanza wewe peke yako, kabla hujamwita mama aje akae asomewe. Mko wazima? Kifua cha mama kimepoa? Mimi mwili ni mzima, ila usingizi sina. Tafadhali isome barua hii mpaka mwisho ukiwa jikoni peke yako, halafu uamue mwenyewe ya kumsomea.

Ile barua yangu ya mwezi uliopita, niliyowaambia mguu wa ndugu yetu Wafula umeruka, ndiyo iliyoniletea balaa. Jana jirani yetu anayefanya kazi relini alinipa salamu za baba. Amefurahi, amechinja jogoo, na Jumamosi anapanda gari la moshi pamoja na mjomba anayeunga mifupa. Wanakuja kumtoa ndugu yetu hospitali ili mjomba amnyooshe mgongo na kumsimamisha. Fimbo ya kutembelea baba ameshaichonga. Dada, wasije kwa shughuli hiyo. Nakuomba kwa magoti.

Sikudanganya. Mguu uliruka kweli, nami nilikuwepo. Tangu aanguke kutoka juu ya magunia ya ngano kule shambani Mau Narok, miguu yake ilikuwa imelala kama matambara yaliyoloa. Kisha siku ile dresa, yule msaidizi wa daktari anayefunga vidonda, akampitishia ncha ya ufunguo kwenye wayo, mguu ukajivuta juu, goti likakunjika. Wodi nzima ilishangilia. Wafula alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi nikakimbia kununua karatasi niwaandikie.

Daktari peke yake hakucheka. Juzi nikamfuata dresa nje, nikambana anieleze kwa nini. Akaniuliza kama nimewahi kupasua mgongo wa mbuzi. Nikamwambia, nani hajapasua. Akasema basi naijua ile kamba nyeupe, laini, iliyo ndani ya mifupa, ile tunayoitoa kwa kijiti. Na sisi watu tunayo. Kichwa kikitaka mguu utembee, agizo linapita humo. Mguu ukichomwa na mwiba, maumivu yanapanda humo humo. Kamba ya Wafula imepondwa katikati ya mgongo, ndiyo sababu kutoka kitovuni kwenda chini hasikii kitu, hata mkojo anatolewa kwa mrija wa mpira. Lakini kipande cha chini bado kina uhai wake. Ukigusa wayo, habari inafika kwenye kipande hicho na kugeukia hapo hapo, mguu unaruka. Kichwani haijafika.

Nilibisha sana. Nilimwambia kitu kilichokufa hakiruki. Akanijibu taratibu, bila hasira: "Kuku uliyemkata kichwa, hajawahi kuruka mbele yako?"

Nilipomwuliza kama atatembea, akasema yeye hajaona mtu wa namna hii akatembea. Ila mikono anayo, akili anayo, na anaweza kuishi akitunzwa. Mfupa bado haujashika, na ukivutwa sasa unaweza kuponda hata kidogo kilichobaki. Hapa watu wanne wanamgeuza kwa pamoja kama gogo, kila baada ya muda mfupi, asije akatoka vidonda. Mjomba ni fundi wa mikono na miguu, simdharau, lakini mgongo huu asiuguse. Baba akitaka kuja, aje amwone mtoto wake, aketi naye. Fimbo aiache nyumbani.

Najua baba atabisha. Atasema sisi vijana wa huku tumelishwa maneno. Kwa hiyo nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, nawe ulitumie ikibidi.

Siku ile Wafula alipoanguka alilala chali, akasema mgongo unamwaka moto. Nyapara akapaza sauti: "Msimguse! Leteni ubao." Nilimtukana. Niliona anataka ndugu yetu alale chini mbele ya watu. Unajua tulivyolelewa: mtu akianguka anainuliwa upesi, anapanguswa vumbi, anatembezwa ili damu isilale. Nikamshika kwapani, nikamsimamisha. Kitu kikalia mgongoni mwake, akalegea mikononi mwangu. Na kabla sijamwinua, dada, kiatu chake kimoja kilikuwa kimechomoka, na vidole vya mguu ule vilikuwa vinacheza. Alikuwa akivichezesha mwenyewe, akinitazama, anionyeshe kwamba hajaumia sana.

Haya, umejua. Mwambie baba hivyo hivyo kama hakuna lingine la kumzuia, hata akinilaani.

Nisalimie mama, na bibi yetu, na mjomba pia, asinielewe vibaya. Naliaka, mke wa Wafula, mwambie mumewe kila siku anauliza kama mtoto ameota meno. La miguu usimwambie wewe, nitakuja mwenyewe nikae naye. Barua hii nampa yule jirani sasa hivi stesheni, ili ikufikie kabla ya Jumamosi.

Wafula hajui lolote. Vidole vile amevisahau, au anavinyamazia, sijui. Kila nikiingia wodini ananishika mkono, anawaambia wagonjwa wenzake kwamba huyu ndiye ndugu yake, aliyemwinua pale wengine walipobaki kusimama tu.

Ni mimi mdogo wako,
Barasa