Neno "Sote" Katika Barua ya Kaka

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamooni pia, baba wadogo na shangazi, mlioketi hapo nyumbani Kinyangiri kusikiliza barua hii. Najua anayeisoma ni Kaka Elia, maana ndiye mwenye miwani. Kaka, nakuomba usiruke mstari.

Mimi ni mzima, ila nimechoka. Baridi ya huku imehamia mifupani, na kazi yangu chuoni ni kukaa kutwa mbele ya kompyuta nikipima ugumu wa maneno madogo: wote, baadhi, walio wengi. Mliwahi kuniuliza hiyo ni elimu gani. Leo nitaieleza, kwa kuwa imeingia nyumbani.

Mashine ya kuhakiki kama neno "wote" ni kweli haihitaji kumbukumbu. Hupita kwa mmoja mmoja. Ikimkuta mmoja aliye kinyume, husimama, na jibu ni hapana. Ya kuhakiki "walio wengi" hubeba hesabu ya pande mbili mpaka mtu wa mwisho. Hiyo ndiyo inayochosha.

Marehemu Baba aliyajua haya zizini. "Mbuzi wote wameingia?" aliniuliza jioni moja. Nikajibu, "Wengi, Baba." Akacheka. "Hata fisi analipenda neno hilo. Rudi ukamtafute asiyeingia."

Sasa Kaka ameniandikia kwamba sote tumekubali kumuuzia shamba mfanyabiashara wa alizeti, kwa kuwa biashara siku hizi ni huria na kila mtu anauza. Akaambatisha karatasi ya sahihi. Nakiri, nilishika kalamu. Uchovu hukubali mambo mengi. Kisha nikayapitia majina, moja baada ya jingine, hadi la Mama. Mbele yake hapana alama ya dole gumba.

Nikasimama hapo.

Kaka atasema, basi tuandike "walio wengi". Haya, lakini neno hilo ni zito zaidi: kila mmoja lazima aulizwe, na wanaokataa wahesabiwe kwa uangalifu uleule. Aanze kuulizwa Mama, anayelilima shamba hilo.

Msalimieni wifi yangu, aliyenifumia sweta ninayoivaa hata ndani, na mjomba fundi baiskeli.

Karatasi nairudisha, mstari wangu ukiwa mtupu, ili Mama asiwe mmoja peke yake.

Ni mimi binti yenu,
Neema