Mke wa Amos Hobday

Jumanne, 2 Juni 1987

Joto, joto, joto. Nimerudi kutoka mahakamani Wexley na vumbi mpaka kwenye nyusi — na nimefurahi kama mtoto aliyeruhusiwa kuchezea matope! Si kwamba nimepata kitu. Sijapata. Lakini chumba kile cha kumbukumbu, feni inalalamika juu, madaftari ya ardhi mazito ya kubebwa kwa mikono miwili... Raha yangu iko pale. Wenzangu waliostaafu posta wamekwenda kucheza bingo. Waende.

Ninachotafuta ni kimoja tu: jina. Amos Hobday, mzee wa kwanza wa ukoo wetu hapa Virginia, tunamjua vizuri. Tunajua alinunua ekari mia mbili na kumi mwaka 1751, tunajua majirani zake, tunajua hadi ng'ombe wake. Mkewe hatumjui. Alizaa watoto saba, akapotea kama moshi.

Ukoo mzima unakutana Jumapili ya tarehe 12 Julai, na safari hii tunasimamisha jiwe jipya makaburini. Kaka Garland ameshachagua maneno: AMOS HOBDAY NA MKEWE. Nikamwuliza, "mkewe" ni jina gani hilo? Ng'ombe wa Amos wameandikwa majina, yeye hana? Akasema, haya, lilete. Mchonga mawe, Bwana Yancey, anataka maneno kamili kabla ya saa kumi na moja jioni, Ijumaa tarehe 26. Baada ya hapo anachonga alichonacho.

Nina siku ishirini na nne!

Alhamisi, 4 Juni

Nimekwama. Daftari la Ardhi Namba 4 halipo! Karani, Bwana Crowder, anasema limepelekwa Richmond kushonwa jalada. Linarudi lini? Akainua mabega.

Nalihitaji kwelikweli. Ndimo ilimoandikwa hati ya Amos kuuza nusu ya shamba, mwaka 1764. Na siku zile mtu mwenye mke hakuuza ardhi hivihivi. Mke aliitwa mahakamani, mume akatolewa nje, mke akaulizwa peke yake: umekubali kwa hiari yako, au umelazimishwa? Kisha karani anaandika jibu. Na jina. Faharasa inamtaja Amos tu, ila ndani ya daftari lazima mke yumo.

Bi Odessa Pegram alikuwa meza ya pili, kofia ya kanisani kichwani ingawa ni Alhamisi. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na anautafuta ukoo wake mwaka wa tisa sasa. Kazi yake ngumu kuliko yangu mara mia. Wazee wake walikuwa watumwa: wanaonekana kwenye wosia za watu wengine, jina moja tu, katikati ya magodoro na masufuria. Akaniona nimenuna.

"Verna, umefiwa?"

Nimekosa daftari, Bi Odessa.

"Daftari moja? Mimi nimekosa karne nzima, na asubuhi nimekunywa kahawa yangu vizuri tu."

Nilicheka mpaka Bwana Crowder akagonga meza.

Jumapili, 7 Juni

Garland kaja kula baada ya kanisa. Kuku wa kukaanga, maharage mabichi, nyanya za kwanza. Alitafuna huku akitusomea hotuba yake ya mkutano. "Amos Hobday, Mwingereza halisi, mtu wa heshima, mwenye ekari mia mbili na kumi na mtumwa mmoja..."

Hilo la mtumwa alilitoa kwangu. Nililipata kwenye orodha ya kodi ya 1755 nilipoanza utafiti huu, miaka kumi na moja iliyopita, nikaliandika kwenye kadi. Nikamwambia aliondoe, si jambo la kujipigia kifua. Akasema ni historia, si yeye aliyemnunua.

Mama akatutazama juu ya miwani. Themanini na nane, na bado hakuna linalompita. "Mnahangaika na mke wa miaka mia mbili na thelathini. Na mke aliyekaanga kuku huyu yuko hapahapa, hajasikia asante."

Asante, Mama! Tuliimba wote wawili. Siku nzuri kabisa.

Ijumaa, 12 Juni

Niandike polepole.

Nilitandaza kadi zangu mezani kwa mpangilio wa miaka. Bi Odessa akapita kwenda kunoa penseli. Akasimama. Akaweka kidole juu ya kadi ya 1755. Maandishi yangu mwenyewe, ya wino wa bluu: "Amos Hobday. Kodi ya vichwa viwili: yeye, na mtumwa, Sabra."

Akauliza: nani kakwambia ni mtumwa?

Nikasema, orodha zote ziko hivyo. Mwenye nyumba juu, jina kamili. Watumwa chini yake, jina moja moja.

"Amos alipokufa, huyu Sabra yumo kwenye orodha ya mali zake?"

Hayumo.

"Aliuzwa?"

Sijaona hati.

"Aliachiwa mtoto wa Amos kama urithi? Alipewa mkwe?"

Hapana.

"Mimi nawatafuta watu waliokuwa mali ya watu, Verna, miaka tisa. Mali haipotei kwenye makaratasi ya mwenye mali. Ng'ombe hawakupotea. Huyu hakuwa mali." Akavuta kiti, akakaa. Akanieleza kama anavyomweleza mwanafunzi aliyechelewa. Kodi ya kichwa ilitozwa kila mwanamume aliyetimiza miaka kumi na sita, na kila mtumwa, wa kiume na wa kike. Wanawake wa kizungu hawakuhesabiwa kamwe. Lakini mwanamke huru mweusi, au chotara — huyo alihesabiwa. Hata akiwa mke wa mtu, nyumbani kwake.

Feni inazunguka.

"Jina la mkewe umekuwa nalo miaka kumi na moja," akasema. "Umeliweka kwenye kadi isiyo yake."

Hakusema kwa ubaya. Lakini naona aibu, naiandika hapa kwa kuwa hapa hakuna anayenisoma. Nilimtazama bibi yangu mwenyewe usoni nikamwandika mtumwa, kwa sababu tu ya mahali jina lake lilipokaa kwenye karatasi.

Jumanne, 16 Juni

NIMEMPATA!!

Bi Odessa alisema tukatafute kwenye daftari la kesi, si la ardhi. Waume wengi walikuwa wakiwaficha wake zao wasitozwe, na majirani wakiwachongea. Tuligawana miaka, yeye 1750 hadi 1754, mimi kuendelea. Mwandiko wa karani yule ni kama kuku aliyekanyaga wino. Lakini mimi nimesoma bahasha za Kaunti ya Wexley miaka thelathini na moja. Hakuna mwandiko unaonitisha.

Novemba 1754. Ilikuwa upande wa Bi Odessa. Akaniita kwa kidole, bila neno.

Amos Hobday ameshtakiwa kwa kutomwandikisha Sabra mkewe, chotara, kwenye orodha ya kodi.

Sabra mkewe. Akatozwa faini ya tumbaku. Mwaka uliofuata akamwandikisha — ndiyo ile orodha yangu.

Nililia pale pale, na leso sikuwa nayo. Bi Odessa akanipa ya kwake, yenye harufu ya karafuu. Nikamwuliza: na Amos mwenyewe je, naye alikuwa chotara? Maana sheria haikumruhusu mzungu kumwoa. Akacheka chini chini. "Hatua kwa hatua, mpenzi. Karibu ndani kwetu. Umechelewa kidogo tu."

Njiani nilikuwa namfikiria Amos. Alimficha mkewe kwenye orodha asihesabiwe pamoja na mali za watu. Au alikuwa bahili wa tumbaku tu! Napenda kuamini la kwanza. Na kama jirani mmoja mwenye roho mbaya asingemchongea, tusingejua jina lake milele. Nimshukuru nani sasa?

Alhamisi, 18 Juni

Nimemwambia Mama. Nilizunguka kwanza, nikaongea habari za mvua, nikaosha vyombo viwili vilivyokuwa safi. Akasema, "Sema, Verna, kabla sijafa."

Nikasema.

Akaendelea kumenya pichi. Ganda refu, halikatiki. Mwishowe: "Babu wa baba yenu, kwa ngozi yake ya kahawia, walikuwa wakimwita Mreno. Mimi nimeolewa humu tangu 1919, sijaona barua hata moja kutoka Ureno."

Basi! Hilo tu. Akanipa bakuli nilipeleke kwenye friji.

Jumapili, 21 Juni

Si siku nzuri. Garland kasimama mlangoni, hakuketi.

Hakufoka kuhusu rangi. Ningejua la kumjibu. Alisema kwa sauti yake ya shemasi wa kanisa: hakuna ushahidi wa kutosha. Karani anaweza kukosea. Sabra wako tele. "Kodi ni maneno ya watu, Verna. Ardhi ndiyo haisemi uongo. Nionyeshe kwenye ardhi, tutazungumza. Vinginevyo jiwe linabaki 'na mkewe', hakuna atakayeumia."

Nikamwambia wewe ulimkubali haraka sana alipokuwa mtumwa wetu. Kwa kadi moja tu! Hukuuliza ushahidi.

Akawa mwekundu mpaka masikioni. Nikajuta nusu.

Mama alikuwa kwenye kiti chake. Akasema taratibu, "Garland, mimi nami ni mke wa Hobday. Jiwe langu mtaandika nini?"

Kaka yangu akachukua kofia, akatoka. Hata chai ya barafu hakuimaliza, na chai ya Mama hakuna mtu anayeiacha.

Jumanne, 23 Juni

Daftari halijarudi. Nimempelekea Bwana Crowder mikate midogo yenye nyama ya paja la nguruwe. Akala minne, akasema rushwa haifanyi kazi kwa ofisa wa serikali. Kisha akapiga simu Richmond.

Jumatano, 24 Juni

Limerudi! Jalada jipya jekundu, linanuka gundi. Bi Odessa akalibeba upande mmoja, mimi upande wa pili, kama wanawake wawili na meza ya harusi.

Ukurasa wa 217. Amos anauza ekari mia moja na tano, kuanzia mwaloni mweupe kwenye kona ya jirani, kushuka na kijito. Na chini yake: "Sabra, mke wa Amos huyo, akiwa amehojiwa peke yake, faragha, mumewe hayupo, alikubali kwa hiari yake." Na alama yake. Hakujua kuandika. Karani ameinakili jinsi alivyoiona: si msalaba kama wa watu wote. Duara dogo, lina mkia.

Nimeitazama sijui muda gani. Wanaume watatu wenye mawigi wanamwuliza mwanamke ambaye walimtoza kodi kwa sababu ya ngozi yake: je, wewe unataka? Naye anajibu. Anachukua kalamu ya unyoya, anachora kiduara chake.

Bi Odessa akasema kwa sauti ndogo kwamba katika wazee wake hakuna aliyewahi kuulizwa. Nikamshika mkono. Kisha akasema haya, inatosha, leo unanisaidia mimi, nina wosia kumi na nne za akina Pegram hazijaguswa. Tukasoma sita. Nitarudi kesho na keshokutwa na mpaka ziishe.

Nakala ya ukurasa wa 217 nimeitia kwenye sanduku la barua la Garland. Bila kijikaratasi. Yeye alitaka ardhi, ndiyo hiyo.

Ijumaa, 26 Juni

Asubuhi: kimya. Mchana: kimya. Bwana Yancey amepiga simu mara mbili kuuliza maneno ya jiwe. Anayelipia ni Garland, kwa hiyo anataka neno la Garland. Safari ya pili Mama alininyang'anya simu: "Tulia, mwanangu. Tuna mtu mmoja hajamaliza kusoma."

Saa kumi na dakika ishirini jioni. Naandika kwenye meza ya jikoni, naona uani kote. Gari la Garland liko chini ya mti wa pekani tangu saa kumi. Injini imezimwa. Hajashuka. Karatasi iko juu ya usukani, anaifuata kwa kidole mstari kwa mstari, na midomo inacheza. Akifika chini anaanza tena juu.

Nilitaka kumpelekea maji. Mama kanikataza. "Mwache. Baba yenu naye alikuwa hivyo. Kila alipotaka kukubali jambo, alikwenda kwanza kukaa kwenye gari."

Kumi na nusu. Simu inalia tena. Mama ameipokea, namsikia anamwuliza Bwana Yancey habari za goti lake, anamvutia muda.

Garland kashusha kioo. Amevua miwani, anaifuta kwa ncha ya shati. Anaita jina langu. Nimefungua dirisha. Anataka kujua jambo moja tu, anasema.

"Huyu Sabra — walimzika wapi?"

Sijui! Miaka kumi na moja yote hii, na mimi sijawahi kuuliza. Naweka kalamu, naenda nje —