Yowe Walilolikosa

Maneromango,
Kisarawe.
14 Agosti 1967

Mpendwa kaka Zahoro,

Shikamoo. Je, mgongo bado unakusumbua huko Ndola, au machimbo ya shaba yameshaunyoosha? Sisi wazima, mihogo imekubali, na mimi nazidi kunawiri. Ukiniona utadhani waziri.

Sasa ya mwanao Pazi. Ile sinema ya tatu ya msituni aliyoigiza imeonyeshwa Kisarawe. Kaka, uchafu mtupu! Nasema mimi niliyekaa sinema za Mombasa na Unguja. Kazi ya mtoto ni moja: anavalishwa kipande cha ngozi, anaona kenge, anapiga yowe, Mzungu anamwokoa. Kenge! Mnyama ambaye Pazi humtimua kwa fimbo kila siku asile kuku wa mama!

Toka siku hiyo watoto wakimwona njiani, "Yowee! Bwana, niokoe!" Wakaapa kuwa na jandoni atalia vile vile. Unajua mwenyewe, mtoto akililia kisu ukoo mzima unazomewa. Pazi akawa hali chakula.

Jando lilipowadia, bwana anayetengeneza sinema hizo naye huyo, anataka kuingiza kamera kumbini, wanamotahiriwa watoto. Nikamwambia, "Bwana, humo hata mama yake haingii, sembuse wewe na kopo lako?" Akacheka, akatega mashine ya kunasia sauti nje ya ua. Anangoja yowe la kweli, alitie kwenye sinema ya nne. Mtu mzima na ndevu zake anawinda kilio cha mtoto! Nilitema mate.

Ngariba akashika kisu, ngoma zikapanda kama kawaida, za kuficha vilio. Pazi akanishika mkono: "Baba mdogo, waambie wazime ngoma."

Zikazimwa. Kaka, hakutoa hata mguno. Tulisikia njiwa, na ile mashine nje ikizunguka bure.

Yule bwana akitia kimya hicho kwenye sinema yake, kiingilio nitalipa mwenyewe, na ukoo mzima nitaupeleka. Ila mtoto hatumtoi tena kuigiza. Wakikuandikia, kataa.

Shemeji Mwamvita, mama Pazi, kakauka sauti kwa vigelegele. Mama na dada yetu Sikudhani wanakusalimu. Nawe nisalimie binamu Shomari. Mungu akurudishe na mgongo wako mzima, uje umwone mwanamume wako.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, hata usipojibu,
Mwishehe