Jina la Baba Limebaki

Jumatano, 14 Aprili 1999. Mvua tangu alfajiri.

Tuhfa mwanangu,

Wali na samaki viko mezani chini ya kawa. ~~Pasha~~ Usiwashe jiko, kula hivyo hivyo.

Asubuhi umeniambia, "Mama, umemfuta Baba," ukaenda shule bila chai. Jana niliiondoa ile gemu ya magari kwenye kompyuta nipate nafasi ya mazoezi ya darasa langu la jioni. Sikujua kuwa humo ndimo mlimokuwa mkishindana wewe na marehemu baba yako. Nisamehe.

Ulipotoka niliomba dua, kisha nikaiwasha kompyuta. Gemu haipo, lakini imeacha faili moja dogo la washindi. Wa kwanza MBAROUK. Wa pili TUHFA, nyuma kwa pointi tano tu. Nililia, halafu nikacheka. Kumbe alikuwa hakuachii hata kidogo!

Mwalimu wetu wa kompyuta alitufundisha kuwa mabaki hufutwa. ~~Nitalifuta kesho~~ Hili halifutwi. Leo jioni nitamwomba aje alinakili kwenye disketi, iwe yako.

Nimetamka kwa sauti mbele ya bibi yako na shangazi Mwanaima, waulize: sitafuta tena kitu chochote humo kabla ya kukuuliza.

Mama yako